Alamu ya chumba cha baridi inatuma barua pepe kwa mtu aliyehamia Muscat. Wapokeaji wanabadilishwaje?

FundiWaZamu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ashuke moja kwa moja kwenye swali.

Niko kwenye kiwanda kidogo cha samaki huku Pwani, kazi yetu ni pweza na kamba. Tuna vyumba viwili vya baridi, na mzigo unatakiwa ukae nyuzi -18 au chini ya hapo. Mtambo unaongozwa na PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo) ya Siemens, S7-1200, ipo ndani ya paneli karibu na mlango wa chumba namba 2. Siku ya makabidhiano waliotufungia walisema joto likipanda mashine inatuma barua pepe yenyewe. Tukapiga makofi, tukala pilau, wakaondoka.

Wiki mbili zilizopita, usiku wa kuamkia Jumapili, umeme ulikatika. Jenereta ikabeba vizuri tu. Umeme uliporudi ukaja na fezi mbili badala ya tatu, relei ya ulinzi ikazima kompresa B, na hiyo ndiyo kazi yake, siilaumu. Tatizo kompresa A ilikuwa imefunguliwa kwa matengenezo tangu Alhamisi. Asubuhi saa tatu nafungua mlango wa chumba namba 2 nakuta maji sakafuni, geji inasoma -6. Mzigo wa rafu za juu ulishalegea. Kusafirisha haukufaa tena, ukaenda sokoni kwa bei ya kutupa.

Bosi akauliza swali moja tu: "Si tuliambiwa kuna mashine inatuma barua?"

Ipo, na ilituma. Kwenye skrini ya paneli imeandika kabisa kwamba barua imekwenda. Nikatafuta faili la makabidhiano, nikapata nywila ya akaunti ya Gmail inayotumika kutuma, nikaingia. Kwenye folda ya zilizotumwa nikaona barua ya usiku ule. Kichwa: "S7-1200". Ndani: "ALM_017 TRUE 23:10". Basi, hakuna kingine. Imekwenda kwa anwani tatu:

Ya kwanza ni Gmail binafsi ya injinia wetu wa zamani, ambaye sasa yuko Muscat, Oman.
Ya pili ni anwani yake ya hapa kazini, ilifutwa alipoondoka.
Ya tatu ni ya kampuni iliyotufungia mtambo. Tovuti yao haifunguki na simu zao hazipatikani.

Kwenye kikasha cha kupokea kuna mamia ya majibu ya "barua yako haikufika". Hakuna aliyewahi kuyasoma, maana akaunti ile hakuna mtu anayeifungua.

Nikampigia injinia WhatsApp. Nanukuu: "Mdogo wangu, hizo barua mimi nazipata mwaka wa pili huu. Mwanzoni nilikuwa napiga simu kiwandani, naambiwa wahusika wameenda kula. Baadaye nikazitengenezea folda yake zisinisumbue."

Na kuna balaa jingine. Barua inasema 23:10, yaani saa tano usiku. Mlinzi ameandika kwenye daftari kwamba umeme ulirudi saa nane usiku. Bosi anasema mlinzi alilala, daftari amelijaza asubuhi. Barua ya kumsimamisha inaandaliwa.

SWALI: programu ya PLC imefungwa kwa nywila ambayo hatuna, na faili la mradi hatukuachiwa. Nabadilishaje wapokeaji? Niifute PLC nianze upya?

---

Relei24V

USIFUTE. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ukiirudisha PLC kwenye hali ya kiwandani, nywila inaondoka na programu inaondoka nayo. Utabaki na boksi la kijivu lenye taa, na vyumba viwili vya pweza vinakutazama.

Kuhusu anwani zenyewe. Kwenye S7-1200 barua hutumwa kwa maelekezo yanayoitwa TMAIL_C. Wapokeaji wanaandikwa kama mfuatano wa herufi, kila anwani ndani ya mabano ya pembe, koma katikati. Mfungaji mvivu anaziandika humo humo kwenye programu kama kitu kisichobadilika. Mfungaji mwenye huruma anaziweka kwenye bloku ya data na kuzitoa kwenye skrini, ili msimamizi azibadilishe kwa kidole. Wa kwako inaonekana alikuwa na haraka ya pilau.

Halafu ile "imekwenda" ya kwenye skrini isikudanganye. DONE (alama ya "tayari" ya maelekezo hayo) ikiwaka maana yake seva ya barua imeupokea mzigo. Kama umefika kwa mtu, hiyo habari nyingine. Ni sawa na kumkabidhi kondakta bahasha pale stendi: yeye ameipokea, wewe umeridhika, aliyetumiwa hana habari.

---

BintiSaketi

Mleta uzi, kabla ya yote mwokoe mlinzi. Fungua barua ile ile, tazama pembeni Gmail yenyewe inaonyesha ilipokelewa saa ngapi. Nabashiri utaona 2:10.

Saa ya PLC inawezekana kabisa iko kwenye saa za Greenwich, hakuna aliyeweka ile +3 ya kwetu. 23:10 ukiongeza saa tatu ni 2:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku. Daftari la mlinzi liko sawa. Aliyekosea ni mashine.

---

FundiWaZamu

Dada BintiSaketi, Mungu akubariki. Gmail inasoma 2:10 AM. Nimepiga picha nimempelekea bosi, ile barua ya kusimamisha imesimama yenyewe. Mlinzi nimemwomba radhi, amesema "mimi nilijua tu mtarudi."

Haya, wapokeaji sasa.

---

BintiSaketi

Hilo mbona jepesi, na PLC huigusi.

Umesema anwani ya pili ni ya jina la kampuni yenu, ilifutwa injinia alipoondoka. PLC bado inaituma kila mara, inadunda tu. Nenda kwa anayesimamia barua pepe zenu, mwambie AIFUFUE. Asiifufue kama kikasha cha mtu, aiweke kama anwani ya kupitisha: kila kinachoingia kinagawiwa kwa watu mnaowataka. PLC itaendelea kudhani inamwandikia yule injinia, kumbe inawaandikia ninyi. Mtu akiajiriwa au akiacha kazi, mnabadilisha kule kwenye seva ya barua, na paneli haifunguliwi.

Hata siku mkipata programu mpya, fanyeni hivyo hivyo. Jina la mtu lisiingie kwenye PLC kabisa. Ingieni anwani moja tu, mfano alamu@ ya kampuni yenu. Watu wanahama, wanaugua, wanaolewa Dubai. PLC inakaa ukutani miaka 15.

Angalizo: barua iliyopitishwa mara nyingine inaangukia kwenye taka. Wiki ya kwanza kila mpokeaji aangalie folda ya taka na aiondolee barua alama ya taka, na anwani ya mtumaji aiweke kwenye majina ya simu yake.

---

Kijana_wa_IT

Mkuu kwani tabu yote hii ya nini. Fungua poti (mlango wa mtandao) kwenye ruta, uingie PLC kutoka nyumbani, ubadilishe kila kitu ukiwa kitandani.

---

Relei24V

@Kijana_wa_IT ndugu yangu, kwanza nywila hana, ataingia afanye nini? Pili, hiyo poti ni 102 na wanaozunguka mtandaoni kuitafuta hawalali. Ukiiweka nje, wa kwanza kubadilisha wapokeaji hatakuwa wewe. Akitaka kuingia kwa mbali aweke VPN, ile njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ndani.

---

Kijana_wa_IT

Sawa mkuu, nimeelewa. Nilitaka kusaidia.

---

MzeeWaPaneli

Nimewasoma wote. Anwani mmeifufua, sasa mtaandika nani ndani yake? Hapo ndipo viwanda vingi vinaharibu.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja nikakuta wapokeaji kumi na mmoja. Mkurugenzi yumo. Mhasibu yumo. Mke wa mkurugenzi yumo, alisaini fomu ya kununua kompresa. Usiku alamu ikija, kila mmoja anageuka upande wa pili akijua wengine kumi wameiona. Nikawauliza swali moja kwa kila jina: huyu akiipata saa tisa usiku, atafanya nini kwa mikono yake? Wakabaki watatu.

La pili ni wingi wa barua. Wanaosoma mambo ya alamu wanaijua habari ya mtambo wa mafuta wa Milford Haven kule Wales, Julai 1994. Dakika kama 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili waliangushiwa alamu 275. Ya maana ilikuwa humo humo ndani, nani aione? Baada ya hapo ndipo miongozo ikakazwa. Ule wa EEMUA 191, mwongozo wa alamu wa Waingereza, unaona mwendeshaji mmoja anazimudu alamu kama moja kwa kila dakika kumi katika hali ya kawaida. Na huyo ni mtu aliyeketi mbele ya skrini analipwa kwa kazi hiyo. Mpokeaji wa barua pepe yuko kitandani.

Injinia wako wa Muscat alitengeneza folda, na wewe ungetengeneza. Kwa hiyo swali langu: mamia ya barua zilizodunda zilikuwa za nini? Zihesabu.

---

FundiWaZamu

Mzee, nimezihesabu za mwezi mmoja, nimeona aibu. Nyingi ni za chumba namba 1 na zinakuja kwa mafungu, barua saba au nane ndani ya robo saa, kisha kimya, kisha tena. Nyingine zinakuja karibu saa zile zile kila siku.

---

NaivashaMaua

Habari zenu majirani. Mimi niko Naivasha kwa maua, vyumba vyetu ni vya nyuzi chache juu ya sifuri, waridi haigandishwi, lakini ugonjwa ni mmoja.

Hizo za saa zile zile ni difrosti. Evaporeta (koili ya kupoozea iliyo ndani ya chumba) inapoyeyusha barafu joto la chumba linapanda kidogo, ni lazima. Kama programu haijaambiwa inyamaze wakati wa difrosti, utapata barua kila siku hadi ufe.

Zile za mafungu ni mpaka mmoja usio na nafasi. Tuseme alamu imewekwa -15. Joto likicheza -15.1, -14.9, -15.1, kila likivuka ni alamu mpya na barua mpya. Dawa yake: iwake ikifika -15, isizime hadi irudi -17. Na uipe subira. Sisi tumeweka dakika 20, maana lori likipakia mlango uko wazi na kila mtu anajua uko wazi.

Hapo ujue pia Gmail ya kawaida ina kikomo, barua 500 kwa siku. Ukivuka wanakufungia kutuma kwa muda. Nimeona kihisi kilicholegea waya kikimaliza barua za siku nzima kabla ya chakula cha mchana, na usiku ule hakuna kitu kingeweza kutoka.

Kuhusu nani apokee: kwetu barua ya kwanza inaenda kwa simu ya zamu. Ni simu ya kampuni, inakaa kwenye mkanda wa aliye zamu na kukabidhiwa pamoja na funguo. Kama hakuna aliyebonyeza "nimeiona" kwa dakika 15, inakwenda kwa msimamizi. Baada ya hapo kwa meneja. Meneja akipata barua saa nane usiku anajua wawili wamelala, na asubuhi kuna mazungumzo.

---

FundiWaZamu

NaivashaMaua umenifungua macho. Lakini mambo ya difrosti na subira yako ndani ya programu iliyofungwa.

---

NaivashaMaua

Kweli, hapo utangoja programu mpya. Ila kidhibiti cha joto mlangoni, kile chenye tarakimu nyekundu, vingi vina mguso wa alamu (swichi ndogo inayojifunga alamu ikiwaka) wa peke yake nyuma. Angalia waya zake kama kuna uliobaki bure.

---

MzeeWaPaneli

Hapo ndipo nilikuwa naelekea. Barua pepe ni ya kumbukumbu. Kuamsha mtu ni kazi ya king'ora na simu. Chukua kile kifaa cha laini ya simu, unakiunganisha kwenye mguso huo, kikiona alamu kinapiga namba tatu kwa zamu. Hakiulizi nywila ya mtu. Weka vocha, na umpe mtu mmoja kazi ya kuikagua kila tarehe 1, maana nimeshaona pia kifaa kizima, laini imekufa kwa kukosa salio.

Halafu niambie: ruta yenu iko kwenye UPS, ile betri ya akiba?

---

FundiWaZamu

Nimetoka kuangalia sasa hivi. PLC iko kwenye UPS. Ruta imechomekwa kwenye soketi ya ofisi pamoja na birika la chai.

---

MzeeWaPaneli

😂 Basi umeme ukikatika PLC yako inajua kila kitu, ila mdomo imefungwa.

---

Relei24V

Niongeze mambo ya akaunti ya kutuma, maana kuna mtu ataiharibu bila kujua.

Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google hawakubali tena kifaa kuingia kwa jina na nywila ya kawaida peke yake. Mashine nyingi zilinyamaza wakati ule na wenyewe hawakujua. Inayotakiwa ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kisha kutengeneza nenosiri la programu, herufi 16, ndilo linaloingia kwenye PLC. Yako inatuma, maana yake aliyefunga alifanya hivyo. SASA SIKILIZA: ukibadilisha nywila kuu ya akaunti, manenosiri ya programu yote yanafutwa. Wewe uliyeingia kwa nywila ya faili la makabidhiano, najua mkono unakuwasha uibadilishe kwa usalama. Usiiguse hadi uwe na namna ya kuingia PLC.

Na siku ya kuandika programu mpya: poti 587 au 465, si 25, hiyo watoa huduma wengi wameifunga. Na saa ya PLC ipate kutoka kwenye seva ya muda. Siyo kwa ajili ya mlinzi tu. Muunganisho wa siri unapima tarehe za cheti (kitambulisho cha seva ya barua), saa ikiwa imerudi miaka nyuma cheti kinakataliwa na barua haitoki. S7-1200 haina betri ya saa kwa kawaida, ina kapasita, inashikilia kama siku 20 hivi, pungufu kwenye joto. Ukizima paneli mwezi mzima wa kufunga msimu wa pweza, ukiwasha saa imeshapotea.

---

BintiSaketi

Na ujumbe wenyewe! "ALM_017 TRUE" ni lugha ya nani? Mpokeaji akiwa usingizini anahitaji chumba, joto, tangu lini, afanye nini. Mfano:

CHUMBA 2 JOTO -11 (kikomo -15) TANGU SAA 8:10 USIKU. KOMPRESA B IMEZIMA, FEZI. WASHA JENERETA KWA MKONO.

Vyote viwe kwenye kichwa cha barua, simu ikiwa imefungwa kinachoonekana ni kichwa tu.

Halafu iambie itume barua moja kila siku saa moja asubuhi, "niko hai, chumba 1 -19, chumba 2 -20". Siku isipokuja, unaanza kuitafuta kabla haijaharibu. Ninyi mmekaa miaka miwili mkidhani kimya ni uzima.

---

FundiWaZamu

Wakuu, mrejesho. Wiki imepita.

Anwani ya kazini imefufuliwa, anayesimamia barua zetu alichukua dakika tano, akacheka. Ndani yake kuna watatu: simu ya zamu, mimi, na msimamizi wa uzalishaji. Bosi alitaka aingizwe, nikamuuliza swali la MzeeWaPaneli, akanyamaza kidogo, akasema "basi nipigieni tu."

Ruta imehamia kwenye UPS, birika limehamia jikoni.

Kifaa cha laini kimefungwa. NaivashaMaua ulisema kweli, mguso ulikuwepo nyuma ya kidhibiti, haujawahi kuguswa, hata skrubu zilikuwa na rangi ya kiwandani.

Jumamosi usiku nikafanya jaribio bila kumwambia mtu. Nilichomoa kihisi cha kidhibiti na kile cha PLC kwenye vishikio vyake chumba namba 2, nikavitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya bomba, nikawasha saa ya simu. Kifaa kilipiga baada ya dakika moja na nusu. Barua iliingia kwenye simu ya zamu dakika ya tatu. Kijana wa zamu alitokea mlangoni dakika ya kumi na mbili, kandambili mguu mmoja, tochi mkononi, anahema. Nilimpa soda. Barua nyingine iliangukia kwenye taka za msimamizi, BintiSaketi ulituonya, tumeiondoa.

Programu mpya bosi amekubali kulipia, safari hii faili na nywila ni sehemu ya malipo ya mwisho: hakuna faili, hakuna hela.

Kimebaki kitu kimoja tu. Dakika ya kumi na tano jaribio likiendelea, simu yangu ikaita, namba ya Oman.

"Mdogo wangu, chumba namba 2 kimepanda. Au ndiyo mmeenda kula?"

---

Relei24V

😂😂😂 Huyo msimtoe.

---

FundiWaZamu

Amesema tukimtoa atakosa usingizi.